Kasuku Aliyerudi na Mdomo Mfupi

Wafugaji wa kasuku huulizana sana ni nani anayejua kupunguza mdomo, anatoza kiasi gani, na kama kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani kwa tupa ya kucha. Ni wachache wanaouliza ndege atunzwe vipi akisharudishwa tunduni, nami naona hilo ndilo swali kubwa. Kupunguza mdomo, kwa daktari anayeijua kazi yake, ni jambo la dakika chache. Siku na majuma yanayofuata ndiyo yanayoamua kama ndege atakula vya kutosha, kama ataweza kupanda na kujisafisha manyoya, na zaidi ya yote, kama itajulikana kwa nini mdomo ulirefuka kupita kiasi. Kwa kawaida kasuku mwenye afya hahitaji kupunguzwa mdomo. Mdomo wake hukua maisha yake yote, naye huusaga mwenyewe kwa kuguguna miti, kubangua mbegu na kusuguanisha mdomo wa chini na ule wa juu hadi ukabaki katika kipimo chake. Unapozidi, mara nyingi kuna kitu mwilini, katika chakula au katika tundu ambacho hakiko sawa, na jiwe la kusagia halikiondoi kitu hicho.

Zumari, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ninayemtunza hapa Mombasa, alikuja kwangu pamoja na tundu lake baada ya mjomba wangu kufariki. Mjomba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na alimpata ndege huyu upande wa Uganda miaka mingi iliyopita, enzi ambazo barabarani hakuna aliyeuliza karatasi. Walikula pamoja jioni barazani, mjomba akitafuna karanga na Zumari akipewa fungu lake, na mchana kutwa kulikuwa na kopo la alizeti tunduni. Nilipompokea, ncha ya mdomo wake wa juu ilikuwa imeshuka kuelekea kooni kama ndoano, na alikuwa amezoea kula akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Pembeni mwa mdomo palikuwa na ufa mrefu, alama iliyoachwa na mtu fulani wa mtaani aliyewahi kuukata kwa koleo.

Kumpata daktari wa wanyama anayejua ndege wa kufugwa si kazi nyepesi huku pwani, kwa kuwa wengi wa madaktari wetu wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku wa mayai. Tuliyempata alimzungushia Zumari taulo, akamshika kichwa kwa vidole na kukiacha kifua huru. Alinieleza, huku akifanya kazi, kwamba ndege hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo ambao sisi tunautumia kuvuta pumzi. Hupumua kwa kuusogeza mfupa wa kifua mbele na nyuma, kwa hiyo mkono unaobana hapo unaweza kumuua bila yeye kutoa hata sauti. Kisha aliusaga mdomo kidogo kidogo kwa mashine ndogo yenye jiwe linalozunguka, akisimama kila mara kumpa ndege nafasi ya kupumua. Kuna kasuku wanaohitaji nusukaputi ya kuvuta kwa kazi kama hiyo, hasa waoga sana au wenye mdomo uliopinda, lakini Zumari hakuihitaji. Mwisho alichukua damu kidogo kwa ajili ya vipimo, na hicho ndicho kitendo ambacho leo nakiona kuwa cha maana kuliko vyote vilivyofanyika siku ile.

Inafaa kueleza mdomo umejengwaje, maana utunzaji wote unatokana na hapo. Ndani yake kuna mfupa. Juu ya mfupa kuna nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Na juu ya nyama hiyo kuna gamba la keratini, dutu ileile iliyomo katika kucha na nywele. Katika kasuku, ncha ya mdomo ina vishimo vidogo vyenye miisho ya mishipa ya fahamu, na kwa vishimo hivyo ndege huhisi ugumu wa mbegu, ulaini wa tunda na uzito wa kitu anachokiinua. Mdomo ukirefuka kwa muda mrefu, mishipa ya damu nayo husogea mbele pamoja nao, na ndiyo sababu daktari mwangalifu hakubali kuurudisha katika urefu wake wa kawaida kwa mara moja. Hata pale ambapo damu haikutoka, ncha mpya huwa nyororo na yenye hisia kali kuliko ile iliyoondolewa, na ndege huiona dunia yake imebadilika mahali anapoigusa zaidi.

Jioni ya kwanza, basi, ni ya kuangalia damu na kumwacha ndege apumzike. Kasuku wa kijivu mzima huwa na uzito wa kati ya gramu 400 na 500, na damu yake yote ni takriban sehemu ya kumi ya uzito huo. Ndege mwenye afya huweza kustahimili kupoteza damu inayokaribia asilimia moja ya uzito wa mwili, ambayo kwa Zumari, mwenye gramu 430, haijazi kijiko cha chai. Tone moja kwenye karatasi iliyotandikwa chini ya tundu si la kuogopesha, lakini matone yanayoendelea kudondoka ni dharura. Damu ikitoka kwenye ncha, hubanwa taratibu kwa kipande cha pamba chenye wanga wa mahindi au unga wa ngano mpaka igande, na isipokoma ndani ya dakika chache, safari ni ya kurudi kwa daktari. Ule unga wa kukausha damu unaouzwa kwa ajili ya kucha za wanyama haufai kinywani, kwa sababu huchoma, na ndege ataumeza.

Jambo lililonishangaza ni kuanguka. Zumari alipofunguliwa alianza kupanda nyavu za tundu kama kawaida yake, akapeleka mdomo mahali alipozoea kushika, akakosa, akateleza hadi sakafuni na kukaa pale akiwa ameudhika. Mdomo wa kasuku ni mguu wa tatu, na hilo si usemi tu: mwaka 2022 watafiti nchini Marekani walipima nguvu anazotumia kasuku mdogo wa jamii ya cherero anapopanda ukuta ulio wima, wakakuta kwamba mdomo unabeba na kusukuma mwili kwa nguvu zinazolingana na za miguu, au hata kuzizidi. Ndege ambaye mguu mmoja umefupishwa asubuhi lazima ajifunze upya kupima umbali. Niliteremsha vijiti vya kutulia vikawa karibu na sakafu, nikatandika taulo kuukuu chini, nikasogeza bakuli la maji na la chakula hadi usawa wa kijiti, ili asilazimike kuning'inia apate kunywa. Baadaye, alipoacha kuteleza, vijiti vilipandishwa tena kimoja baada ya kingine.

Chakula ndicho kilichotutia mashakani zaidi, kwa sababu kulikuwa na mambo mawili yaliyovutana. Kwa upande mmoja, kila mtu aliyesoma machache kuhusu kasuku anajua kwamba alizeti na karanga kutwa kucha ni chakula kibaya, chenye mafuta mengi na upungufu wa vitamini A na kalisi. Kwa upande mwingine, ndege aliyetoka kushikwa, kufungwa taulo na kusagwa mdomo, mwenye maumivu na hofu, hawezi kulazimishwa siku hiyohiyo kupenda boga. Wapo wanaotumia nafasi hiyo kumwekea ndege chakula kipya peke yake wakisema njaa itamfundisha, nami nadhani huo ni ushauri wa hatari. Ndege huunguza chakula haraka, hana akiba kubwa, na kasuku mwenye ini bovu akikaa na njaa hata kwa muda mfupi huzidi kudhoofika. Daktari alisema waziwazi kwamba kwa siku za mwanzo Zumari ale chochote anachokijua, mradi kiwe laini, na kwamba kubadili chakula ni kazi itakayoanza baadaye na kuchukua majuma mengi.

Tukaanza na alizeti zilizokwisha kubanguliwa, ili asihitaji kuvunja ganda kwa ncha inayouma. Pembeni niliweka wali uliopikwa laini bila chumvi, pojo na kunde zilizochemshwa hadi kuiva kabisa (maharagwe na jamii zake yakiwa mabichi yana sumu kwa ndege), kipande cha yai la kuchemsha, papai bivu, na kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa kilichopondwa. Siku ya kwanza alikula alizeti tu na kuvitupa vingine vyote nje ya tundu kwa dharau aliyoirithi kwa mjomba. Baadaye alionja wali. Kilichomshinda nguvu, kama ilivyokuwa kwa kasuku wengi ninaowajua, ni pilipili: ndege hawahisi ule ukali unaotuchoma sisi, na pilipili nyekundu iliyoiva ni chanzo kizuri cha vitamini A. Nilikatakata pilipili hiyo na kuichanganya na kiazi, naye akakila kiazi kwa ajili ya pilipili. Katika yote hayo, parachichi halikukaribia tundu lake, ingawa hapa kwetu halikosekani mezani, kwa sababu lina kemikali inayodhuru moyo wa ndege na kuweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi nyingi vimo katika orodha hiyohiyo.

Macho hayatoshi kukuambia kama ndege anakula. Kasuku ni hodari wa kujifanya anakula. Hubeba mbegu, huiviringisha ulimini, huiangusha, na jioni bakuli linaonekana limechakurwa ilhali tumboni hakuna kitu. Kinachosema kweli ni mizani ya jikoni inayopima kwa gramu, ambayo bei yake si kubwa na ambayo kila mfugaji wa kasuku angepaswa kuwa nayo kabla hata ya kununua tundu. Zumari hupimwa asubuhi, baada ya kunya kinyesi cha kwanza na kabla ya kula, akiwa amesimama juu ya kijiti nilichokifunga kwenye mizani, na uzito huandikwa katika daftari. Baada ya mdomo kupunguzwa alishuka gramu chache, akatulia, akaanza kupanda. Kama angepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kama gramu 40, nisingesubiri siku ya miadi.

Pamoja na mizani kuna karatasi nyeupe iliyotandikwa chini ya tundu, ambayo hueleza mengi kwa anayekubali kuisoma. Kinyesi cha ndege kina sehemu tatu: choo chenyewe cha kijani au kahawia, uchafu mweupe unaotoka katika figo, na maji. Asiyekula hupungukiwa ile sehemu ya choo, na kinachobaki ni kijani cha giza kisicho na umbo. Na ile sehemu nyeupe ikigeuka kijani au manjano, ni ini linalopiga kelele. Mwili wa ndege hauna kimeng'enya cha kuigeuza rangi ya nyongo kutoka kijani kuwa manjano kama ufanyavyo mwili wa binadamu, kwa hiyo usitarajie kasuku mgonjwa wa ini awe na macho ya manjano. Itafute rangi ya kijani kwenye karatasi. Karatasi ya Zumari, hata kabla hajapelekwa kwa daktari, ilikuwa na kijani hicho.

Majibu ya damu yalipotoka yalithibitisha kwamba ini halifanyi kazi ipasavyo, na daktari alidhani limejaa mafuta, maradhi yanayowapata mara kwa mara kasuku waliolelewa kwa mbegu. Ini linapougua, keratini hutengenezwa vibaya: mdomo na kucha hurefuka upesi, huwa laini, hubanduka tabaka tabaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kupunguza mdomo mara kwa mara, kama alivyofanyiwa Zumari na mtu wa koleo, hakukuwa kumemsaidia. Zipo sababu nyingine zinazorefusha au kupinda mdomo, na daktari alizipitia moja baada ya nyingine: jeraha la zamani, virusi vinavyoharibu mdomo na manyoya ya kasuku, wadudu wadogo wanaoushambulia mdomo hasa wa kasuku wale wadogo wa Australia, au mdomo uliokua upande tangu utotoni. Kwa ndege aliyekula alizeti na karanga maisha yake yote, hata hivyo, ini ndilo la kwanza kuulizwa.

Karanga zina kesi yake ya pekee, nami nitakaa nayo kidogo kwa sababu huku kwetu inatuhusu watu na ndege pamoja. Karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu, na kiungo kinachoshambuliwa na sumu hiyo ni ini. Wakenya hatuna haja ya kuelezwa ubaya wake: mwaka 2004, Ukambani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao walifariki. Kinachojulikana na wachache ni kwamba sumu hiyo iligunduliwa kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyoeleweka, na uchunguzi ukafuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na humo ndimo sumukuvu ilipopatikana. Kukaanga karanga hupunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi. Sitadai kwamba ndiyo iliyomdhuru Zumari, kwa kuwa mafuta peke yake yanatosha kulijaza ini. Nasema tu kwamba punje ya karanga iliyonyauka, ambayo sisi tunaitema kwa uchungu wake, kasuku huila, na kwamba mwili wa gramu 430 hauhitaji punje nyingi. Nyumbani kwangu karanga zimeondoka kabisa kwenye chakula cha ndege.

Badiliko la chakula lilifuata mwendo wa mizani. Uzito ulipotulia nilipunguza alizeti kidogo, nikaongeza nafaka zilizolowekwa zikachipua, karoti, boga, mchicha, na punje zilizoshindiliwa kiwandani ambazo daktari alizipendekeza. Uzito uliposhuka nilisimama, na uliporudi niliendelea. Kuhusu kalisi, ambayo kasuku wa kijivu huikosa kwa urahisi kuliko kasuku wengine na ambayo upungufu wake huweza kuleta kifafa, pwani ina neema yake: mfupa mweupe wa ngisi, unaookotwa ufukoni bure, ukioshwa, kulowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi na kukaushwa juani, ni kalisi na ni kitu cha kuguguna. Hata hivyo kalisi haitumiki mwilini bila vitamini D, na vitamini D hutoka kwenye jua lisilopita kwenye kioo, kwa hiyo Zumari huwekwa barazani asubuhi, nusu ya tundu ikiwa kivulini ili achague mwenyewe pa kukaa.

Majirani nao walikuwa na tiba zao. Mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye namheshimu katika mambo mengi, alinishauri nimpake Zumari mafuta ya nazi kwenye mdomo ili usikauke, na shemeji yangu akaleta asali. Sikutumia hata kimoja. Mafuta yanayofika kwenye manyoya huyagandamanisha, na ndege hupoteza joto. Asali hunasa uchafu mahali palipo na jeraha. Na magamba madogo yanayobanduka kwenye mdomo uliosagwa huondoka yenyewe ndege anapojisugua kwenye kijiti. Mdomo wa kasuku wa kijivu mwenye afya hauna haja ya kung'aa, kwa maana hufunikwa na vumbi jepesi linalotoka katika manyoya yake. Dawa za maumivu za binadamu hazipewi ndege kwa kukadiria. Akiandikiwa dawa ya maumivu, daktari huipima kwa uzito wa siku ile, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na mizani.

Ugumu zaidi ulikuwa kuwaeleza watu wa nyumbani kuhusu moshi. Mapafu ya ndege pamoja na mifuko yake ya hewa huvuta oksijeni kutoka hewani kwa ufanisi mkubwa kuliko mapafu yetu, na huvuta sumu kwa ufanisi uleule. Ndege aliyechoka kwa kushikwa, anayepambana na ini, hapaswi kukaa chumba kimoja na jiko la makaa, dawa ya mbu ya kuchoma wala ya kupulizia, na, samahani kwa watu wa pwani, udi na ubani. Kwetu Alhamisi jioni bila kufukiza si Alhamisi, kwa hiyo tulikubaliana kwamba tundu lihamishiwe chumba cha nyuma, mlango ufungwe, na lirudi kesho yake. Kikaango kisichoshika chakula, kile chenye utando mweusi, kikiunguzwa bila kitu ndani hutoa mvuke unaoweza kuua kasuku kwa dakika chache hata akiwa chumba cha pili. Hicho kilitolewa nyumbani moja kwa moja.

Ncha ilipokomaa, na hilo nililijua pale Zumari alipoanza tena kuvunja maganda mwenyewe, kazi ikawa kumpa kitu cha kuusagia mdomo ili tusirudi tulikotoka. Vijiti laini vya plastiki vilivyokuja na tundu havimfai ndege kwa lolote, si mdomo wala nyayo. Matawi ya mpera na mvinje yasiyopuliziwa dawa, yenye unene tofauti na maganda yake, yalichukua nafasi yake. Kifuu cha nazi kilichotobolewa na kuning'inizwa, kikiwa bado na makumbi, kilimshughulisha kwa majuma. Gunzi la mahindi, lililo safi na lisilo na doa la kuvu, humalizwa kwa asubuhi moja. Wanaouza vijiti vya saruji vyenye mikwaruzo husema vinasaga mdomo na kucha, na ni kweli vinasaga. Lakini kimoja kinatosha, kiwekwe mahali ambapo ndege hupita na si pale anapolala, kwa sababu usiku kucha vitamchubua nyayo.

Lipo jambo la sheria ambalo wafugaji wengi hulizungumza kwa sauti ya chini. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi magharibi mwa Kenya, ambako msitu wa Kakamega ni karibu mwisho wa makazi yake upande wa mashariki. Wamekamatwa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliwaingiza katika daraja la juu la ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa mwituni imepigwa marufuku. Hapa Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayefuga mnyama wa porini. Matokeo yake ni kwamba mwenye ndege asiye na karatasi huogopa kumpeleka kwa daktari, na ndege huyo huishia mikononi mwa mtu wa koleo. Mimi, kabla ya kutafuta daktari, nilikwenda kueleza jinsi Zumari alivyonifikia na kufuata utaratibu nilioelekezwa. Naelewa hofu ya wengine, ila sioni jinsi ndege anavyoweza kutibiwa huku amefichwa, na kamwe sitamshauri mtu kununua kasuku wa kijivu aliyetolewa msituni.

Tuliporudi kwa daktari, mdomo ulikuwa umekua, kama inavyopasa, lakini kwa umbo lake. Alisaga kidogo tu pembeni, kwenye ule ufa wa koleo, ambao unashuka polepole kadiri keratini mpya inavyotoka juu na ambao utasagika wenyewe ukifika kwenye ncha. Damu ilionyesha kwamba ini limepata nafuu bila kupona kabisa, kwa hiyo chakula kinaendelea hivyohivyo na kipimo kitarudiwa. Nilimwuliza tupange kupunguza mdomo kila baada ya miezi mingapi, akakataa kunipa tarehe, akasema mdomo haupunguzwi kwa kalenda. Badala yake alinitaka nimpige Zumari picha ya ubavuni kila mwezi, akiwa kwenye kijiti kilekile na kwa mwanga uleule, nimtumie kwa simu pamoja na uzito wa asubuhi hiyo. Zumari hapendi simu, hivyo picha mbili za mwanzo zilionyesha kisogo chake tu, na daktari akaomba zirudiwe.